Nani Apangaye Bei ya Kahawa?

Kila mwaka malipo yanapotangazwa katika vyama vya ushirika vya Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Meru na Kisii, swali huwa lile lile. Mkulima ameleta matunda mekundu mazuri, ameyachambua kabla ya kuyapeleka kwenye mizani, wala hapana la kijani wala jeusi lililopenya. Mwaka jana alilipwa kiasi fulani kwa kila kilo, na mwaka huu amelipwa pungufu, na kazi yake haikupungua hata kidogo. Basi huinuka mkutanoni akauliza, "Bei hii imepangwa na nani?" Katibu humjibu kwamba ni soko la dunia. Jibu hilo si uongo, lakini halimfai sana aliyeuliza, kwa kuwa soko la dunia si kama soko la Karatina, ambalo mtu aweza kwenda kwa miguu akaona kwa macho yake muuzaji na mnunuzi wakipatana.

Watu wengi hudhani kwamba bei ya kahawa huja kama mvua, ikipenda hunyesha na isipopenda hukatika. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1963 na 1989 bei hiyo haikuachwa ije kama mvua. Ilizungumzwa. Wajumbe na wataalamu wa nchi zinazolima na wa nchi zinazonunua walikaa meza moja wakabishana juu ya magunia na senti, na maneno yao yalifika hata katika shamba la mtu asiyepata kusikia habari za mkutano wao. Yafaa tueleze mazungumzo hayo yalikuwaje, kwa nini yalivunjika, na wataalamu wa leo wanabishana juu ya nini.

Tuanze na mti wenyewe, maana matata yote yameanzia hapo. Mahindi hupandwa na kuvunwa mwaka huo huo. Bei ikiwa mbaya, msimu ujao mtu hupanda maharagwe. Mbuni si hivyo. Ukiupanda leo utangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuona mavuno ya maana, kisha utakaa shambani miaka thelathini au zaidi. Kwa hiyo bei inapopanda, watu wa Brazil na Colombia na Ivory Coast na wa huku kwetu hupanda wote kwa wakati mmoja, bila mmoja kujua shauri la mwenziwe. Na miaka michache baadaye kahawa hiyo yote huingia sokoni pamoja, bei ikaanguka. Tena ikisha kuanguka hapana apunguzaye, kwa sababu mti umekwisha kusimama na gharama yake imekwisha kulipwa.

Brazil, ambayo ndiyo ilimayo kahawa nyingi kupita nchi zote, ilijaribu kuishinda taabu hii peke yake. Kati ya 1931 na 1944 serikali yake iliharibu magunia yapata milioni 78 ya kahawa, mengi yakichomwa moto, ili bei isizidi kushuka. Tafadhali msomaji akumbuke kwamba gunia moja la hesabu hizi ni kilo 60. Na hasara hiyo yote Brazil iliibeba kwa faida ya wengine pia, kwa maana wakati inachoma kahawa yake, nchi nyingine zilikuwa zikipanda.

Baada ya Vita Kuu ya pili bei ilipanda tena, na baridi kali iliyoiangukia Brazil mwaka 1953 iliipandisha zaidi. Hapa nchini, mpango wa kilimo wa 1954, uliotungwa na R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Kilimo, uliwafungulia Waafrika wengi njia ya kupanda zao ambalo kwa miaka mingi walikuwa wamezuiliwa, isipokuwa wachache wa Kisii, Embu na Meru walioanza katika miaka ya 1930. Lakini miche iliyopandwa kwa wingi wakati huo ilianza kuzaa wakati bei ya dunia imekwisha kugeuka. Wakulima wetu walialikwa karamuni sahani zikianza kuondolewa.

Ndipo yakaja mazungumzo ya 1962. Mwezi wa Julai mwaka huo wajumbe walikutana New York chini ya Umoja wa Mataifa, na kabla ya mwaka kwisha mapatano yalikuwa yametiwa sahihi. Mwaka 1963 yakaanza kutumika, na Shirika la Kimataifa la Kahawa likawekwa London. Kenya ilikuwa bado chini ya Uingereza wakati wa kutia sahihi. Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala.

Mtu mwenye akili atauliza hapa: wanaolima wana sababu ya kutaka bei nzuri, lakini mnunuzi ana haja gani ya kukubali kulipa zaidi? Swali hili limewashughulisha wataalamu wengi. Mmoja wao, Mmarekani aitwaye Robert Bates, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1997. Sehemu kubwa ya jibu ni siasa. Cuba ilikuwa imepinduliwa mwaka 1959, na Marekani iliogopa kwamba umaskini wa wakulima wa Amerika ya Kusini na ya Kati ungewasukuma upande wa Ukomunisti. Mwaka 1961 Rais Kennedy alitangaza kwamba nchi yake iko tayari kushirikiana na wengine ili bei za mazao zisiyumbe. Sehemu nyingine ya jibu ni biashara: makampuni makubwa ya Marekani yakaangayo na kusaga kahawa hayakupinga, kwa kuwa nayo yalitaka kahawa ya kutosha isiyokatika. Kwa hiyo ile nyongeza ya bei haikuwa sadaka. Ilikuwa gharama ya amani, na aliyeilipa alijua analipia nini.

Sasa mapatano yenyewe. Nchi zinazouza zilipewa kura 1,000 na nchi zinazonunua kura 1,000, ili upande mmoja usiukanyage mwingine. Tena iliandikwa kwamba nchi yoyote isiwe na kura zaidi ya 400, na Marekani, kwa ukubwa wa ununuzi wake, ilifikia hapo hapo. Jambo kubwa halikuweza kupita mpaka theluthi mbili za kila upande ziwe zimekubali. Mabaraza mengi ya dunia huendeshwa na mwenye fedha. Hapa mwuzaji, kwa karatasi angalau, alikaa sawa na mnunuzi, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule na si la kawaida leo.

Kisha kila nchi inayouza iliwekewa kipimo cha magunia ambayo yaweza kupelekwa katika masoko ya nchi zilizo ndani ya mapatano. Kipimo hiki ndicho kiitwacho kwota. Sisi tufanyao kazi ya kufasiri tumejaribu kusema "fungu" au "sehemu", lakini fungu ni kitu ambacho mtu hupewa akafurahi, na kwota ni mpaka ambao mtu asiuvuke. Basi neno tumeliacha lilivyo. Katika hesabu ya kwanza Brazil iliwekewa magunia milioni 18, Colombia milioni 6 na zaidi kidogo, Uganda karibu milioni 2, na Kenya karibu nusu milioni. Bei ya dunia ikishuka, kwota zote zilipunguzwa ili kahawa iadimike. Bei ikipanda sana, zikaongezwa au zikaondolewa kabisa.

Ili watu wasidanganye, kila shehena ilipaswa kuwa na hati ya kuonyesha nchi ilikotoka, na baadaye hati hizo zikawa hazikubaliwi bila kubandikwa stampu zilizotolewa na Shirika. Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi. Nchi ambazo watu wake walikuwa bado hawajazoea kunywa kahawa, kama vile Japani na Urusi wakati ule, hazikuhesabiwa katika kwota, ili soko jipya likue. Kahawa iliyouzwa huko iliuzwa kwa bei ya chini. Wajanja hawakukawia: shehena ilisafiri kwa jina kwenda nchi moja, ikageuzwa njiani, ikafika katika nchi ya kwota na kuuzwa kwa bei ya juu. Wafanya biashara waliiita kahawa ya watalii, kwa sababu ya safari zake ndefu.

Je, haya yalimgusa vipi mkulima wa Kenya? Yalimgusa katika shamba lake hasa. Ili kukaa ndani ya kwota, Serikali katika miaka ya 1960 ilisimamisha upandaji wa mibuni mipya. Aliyekuwa amekwisha kupanda alilindwa, kwa kuwa bei yake haikuanguka kama ambavyo ingeanguka. Aliyekuwa akingoja zamu yake, kijana aliyetoka tu kugawiwa ekari zake tatu, alikatazwa. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kujikuta pande mbili za mapatano yaliyofanywa New York, mmoja akisomesha watoto kwa kahawa na mwingine akiuza mahindi. Yaelekea hapana mjumbe aliyekuwa akiwafikiria watu hao wawili alipotia sahihi. Mapatano ya aina hii humlinda aliyemo ndani, na anayelipia ulinzi huo mara nyingi ni aliye mlangoni.

Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kwa kuwa wakati huo kwota hazikuwa zikitumika, bei ilipaa bila kizuizi. Wazee wa Mlima Elgon wangali wakitaja soko la Chepkube, ambapo mwaka 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilivushwa mpaka usiku kuikimbia serikali ya Idi Amin, na watu waliokuwa hawana kitu wakajenga nyumba za mabati kwa muda wa miezi. Habari za Chepkube zastahili makala yake peke yake. Hapa latosha kusema kwamba baada ya bei hiyo kila mtu duniani alipanda tena, na mwaka 1980 nchi zikarudi mezani na kwota zikarudishwa. Kwa miaka mingi iliyofuata bei ilishikwa karibu na senti 120 hadi 140 za Marekani kwa ratili moja. Mazao ya Kenya yalifika kilele katika msimu wa 1987/88, tani 128,000 hivi.

Kisha mazungumzo yakavunjika. Wanywaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wamebadili ladha. Walitaka zaidi kahawa laini ya milimani, kama ile ya Colombia, ya Amerika ya Kati, ya Kenya na ya Kilimanjaro, na kwota ziliendelea kuwapa kahawa nyingi ya Brazil kwa sababu hesabu zilikuwa za zamani. Nchi za Amerika ya Kati zilitaka sehemu kubwa zaidi. Brazil, iliyokuwa na takriban asilimia 30 ya kwota zote, haikukubali kupunguziwa. Marekani nayo ilikasirika kuona kahawa ile ile ikiuzwa kwa nchi zisizo katika mapatano, zikiwemo nchi za Kikomunisti, kwa karibu nusu ya bei iliyolipwa na watu wake. Tena hofu ya zamani ilikuwa ikififia: vita vya maneno kati ya Marekani na Urusi vilikuwa vinakwisha, na kile kilichokuwa kikinunuliwa kwa nyongeza ya bei hakikuhitajika tena. Tarehe 4 Julai 1989 kwota zilisimamishwa. Hazijarudi mpaka leo.

Katika miezi michache bei ya dunia ilianguka kwa zaidi ya theluthi. Mwaka 1992 wastani ulikuwa senti 53 hivi kwa ratili. Baadaye Vietnam, iliyokuwa ikivuna chini ya magunia milioni 2 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikavuna zaidi ya milioni 14 kabla ya miaka kumi na mitano kupita, na mwaka 2001 na 2002 wastani wa bei ulikuwa chini ya senti 50. Marekani yenyewe ilitoka katika Shirika mwaka 1993, ikarudi 2005, ikatoka tena 2018.

Hapa Kenya sheria ya kahawa ya zamani ilimkataza mkulima kung'oa mbuni bila kibali. Basi watu hawakung'oa. Walipanda maharagwe na mahindi katikati ya mistari, wakaacha kupogoa, wakaacha kupulizia dawa, na mti ukafa polepole ukiwa umesimama mahali pake kama sheria ilivyotaka. Wengine, karibu na Nairobi, waliuza mashamba yakajengwa nyumba. Mavuno ya nchi katika miaka ya karibuni yamekuwa yapata tani 50,000 kwa mwaka, yaani chini ya nusu ya yale ya 1987/88. Si haki kuyatwika mazungumzo ya London mzigo wote huo. Madeni ya vyama vya ushirika, viongozi wabaya na magonjwa ya mimea yalifanya sehemu yao. Lakini aliyeangalia tarehe hawezi kusema kwamba Julai 1989 haikuwa na neno.

Sasa wataalamu husemaje? Hawakubaliani, na yafaa msomaji ajue hivyo, kwa sababu mara nyingi huambiwa "wataalamu wamesema" kana kwamba wana kinywa kimoja. Wako wasemao kwamba kwota zilimfaa mkulima mdogo, na ushahidi wao ni bei za kabla na baada. Wengine husema zilifaa serikali na mabodi kuliko mkulima. Kwamba nchi yenye kahawa bora na kwota ndogo, kama Kenya, ilizuiliwa kuuza kile ambacho wanunuzi walikuwa wakikitaka. Na kwamba hati za kusafirisha zikawa mali ya kugawiwa wenye kujuana na wakubwa. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina kweli ndani yake, ila wale wa pili hawatuelezi mkulima wa Kisii angefanya nini na uhuru wake wa kuuza, bei ikiwa senti 50.

Wako pia walioligeuza swali lenyewe. Mwaka 2005 Benoit Daviron na Stefano Ponte walichapisha kitabu juu ya jambo ambalo lingemshangaza mtu yeyote: katika miaka ile ile ambayo mkulima alikuwa akipata bei mbaya kabisa, mikahawa ya miji ya Marekani na Ulaya ilikuwa ikistawi na kikombe kikiuzwa ghali kuliko zamani. Jibu lao ni kwamba mkulima huuza punje tu, na mnywaji hulipia pia jina, mahali, kiti, harufu na huduma, na vitu hivyo vyote huongezwa baada ya gunia kuondoka Mombasa. Maana yake ni kwamba hata kwota zikirudi, sehemu kubwa ya fedha itabaki upande wa pili wa bahari mpaka hapo nchi zinazolima zitakapouza kitu zaidi ya punje. Jambo hilo ndilo lililozungumzwa na wakuu wa nchi za Afrika zilimazo kahawa walipokutana Nairobi mwaka 2022, Kampala 2023 na Dar es Salaam mwezi wa Februari 2025: kukaanga na kusaga hapa, na kuuziana sisi kwa sisi. Mapatano mapya ya kahawa ya dunia ya 2022 hayataji kwota, na Uganda ilitangaza mwaka huo huo kwamba inatoka katika Shirika.

Mazungumzo ya nyumbani nayo hayakulala. Mwaka 2016 Serikali iliweka kamati chini ya Profesa Joseph Kieyah ichunguze kahawa yote, tangu kitalu mpaka mnadani. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba mtu mmoja aliweza kuikoboa kahawa ya mkulima, kuwa dalali wake mnadani, na nyuma ya pazia kuwa na uhusiano na anayeinunua. Kanuni zilizofuata zilitaka kazi hizo zitenganishwe. Uliwekwa mfuko wa shilingi bilioni 3 wa kumpa mkulima malipo ya kwanza asingoje mnada, na mwaka 2023 ukaanza utaratibu wa fedha za mnada kupitia benki na kugawanywa moja kwa moja kwa kila anayestahili. Mabadiliko hayo yaliwakera baadhi ya wenye viwanda vya kukoboa, na mwaka huo mnada wa Nairobi ulikuwa na majuma ya kahawa kidogo sana. Upande mwingine Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 ya kutonunua kahawa iliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lazima lionyeshwe mahali lilipo. Tarehe ya kuanza kwake iliahirishwa, lakini vyama vinavyotaka kuuza huko vinapaswa kuwa na ramani ya mashamba ya wanachama wao.

Mwezi wa Februari 2025, kwa sababu ya ukame wa Brazil, bei ya New York ilipita dola 4 kwa ratili, ambayo kwa hesabu ya fedha tupu ilikuwa kubwa kuliko hata ile ya 1977. Hata hivyo vyama viwili vyenye mashamba yanayopakana, vinavyouza katika mnada mmoja, huweza kuwalipa wanachama wao bei zilizo mbali sana. Tofauti hiyo haikutoka New York wala London.

Kwa hiyo mwanachama atakayesimama katika mkutano ujao, akiisha kujibiwa kuwa ni soko la dunia, aweza kuendelea kuuliza mambo manne ambayo katibu anayo katika vitabu vyake. Kilo ngapi za matunda zimetoa kilo moja ya kahawa safi, maana kwa kawaida huwa sita au saba, na zikiwa tisa pana jambo. Kahawa yetu iligawanyika vipi katika madaraja, AA ngapi, AB ngapi, na ngapi zilizobaki. Iliuzwa mnadani tarehe gani na kwa bei gani kila daraja. Na katika kila shilingi mia iliyolipwa na mnunuzi, ni ngapi zilizokatwa, na nani aliyezichukua.